Jimbo lisisubiri Washington

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: maafa yakibomoa mji mdogo, nani alipe gharama za kuurudisha? Nawajibu kutoka Winooski, Vermont, Marekani, tulikohamishiwa kama wakimbizi kutoka Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, na ambako naendesha lori la kokoto kwa mkandarasi wa barabara. Kwangu mimi, jimbo ndilo litangulie kutoa fedha, na litoe hata pale Washington, yaani serikali kuu, inapokataa.

Vermont ina watu wasiofika 650,000. Ni nchi ya milima, kila bonde lina mto, na barabara zimefuata mito hiyo. Nyingi ni za changarawe, na sehemu kubwa ni mali ya miji yenyewe, si ya jimbo. Tarehe 10 na 11 Julai 2023 mvua kubwa ilinyesha hadi maji yakajaa katikati ya Montpelier, makao makuu ya jimbo. Mwaka uliofuata, tarehe zile zile, mafuriko yakarudi na kubomoa nyumba huko Plainfield. Tarehe 10 Julai 2025 yakaja mara ya tatu, safari hii pembe ya kaskazini-mashariki, na Sutton, mji wa watu wapatao elfu moja, ukaharibikiwa vibaya na barabara zake.

Wiki zile za 2023 nilikuwa barabarani tangu alfajiri. Nilikuta mahali barabara imekatika kabisa, kalavati la zamani limesombwa na kutupwa katikati ya shamba la mahindi, limepondeka kama kopo lililokanyagwa. Upande wa pili kulikuwa na nyumba sita na zizi la ng'ombe wa maziwa. Kukamua ng'ombe hakuahirishwi hadi kesho eti kwa sababu barabara imekatika leo, na gari la wagonjwa nalo lazima lipite. Kwa hiyo mji haungoji barua ya mtu. Unampigia mkandarasi simu siku ile ile, sisi tunaanza kumwaga mawe, na baada ya mwezi ankara inafika kwenye ofisi ya mji ambayo mara nyingi ina karani mmoja tu.

Hapo ndipo penye uchungu ambao watu wengi hawauoni. Msaada wa serikali kuu kupitia FEMA, idara yake ya maafa, ni wa kurejeshewa: mji ulipe kwanza, ukusanye ushahidi, kisha usubiri, na kusubiri huko kunaweza kuchukua miaka. Karani mmoja aliwahi kunifuata hadi kwenye lori na vikaratasi vyangu vya tripu, kila kimoja kikiwa na tarehe, jina la barabara na tani za mawe. Viwili vilikuwa vimelowa na wino umefutika. Aliniomba tukumbuke pamoja nilimwaga wapi, kwani tripu isiyo na karatasi hailipwi. Mama yule alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mji wake ulikuwa umekopa benki ili kutulipa sisi, na riba ilikuwa inahesabika kila siku.

Rais akishatangaza maafa, serikali kuu hubeba angalau asilimia 75 ya gharama za kurudisha barabara na madaraja. Inayobaki hugawanywa kati ya jimbo na mji. Baada ya kimbunga Irene cha Agosti 2011, Vermont iliweka utaratibu ambao mimi naupenda sana. Mji usiojiandaa hupewa na jimbo asilimia 7.5 ya gharama zote. Mji uliojiunga na bima ya taifa ya mafuriko, ukapitisha viwango vya barabara na madaraja, ukawa na mpango wa dharura na mpango wa kupunguza hatari, hupewa 12.5. Ukizuia pia ujenzi kwenye njia ya mto, hupewa 17.5. Chukua hasara ya dola 1,000,000: mji wa kundi la kwanza unabaki na deni la 175,000, wa kundi la mwisho 75,000. Dola laki moja kwa mji wa watu elfu moja ni kodi ya majengo inayopanda au isiyopanda.

Lakini mgawo huo wa jimbo umefungwa kwenye tangazo la rais. Oktoba 2025 serikali ya Trump ilikataa ombi la Vermont kwa mafuriko ya Julai mwaka ule. Bila tangazo hakuna ile 75, na mgawo wa jimbo nao hauna pa kushika. Sutton ilifanya nini hata maji yake yahesabike kuwa mepesi kuliko ya Montpelier?

Wapo wanaosema mtu wa Burlington, jiji kubwa kuliko yote jimboni, asilipie barabara ya Sutton. Ndugu zangu, mvua haichagui. Mzigo unaovunja mgongo wa watu elfu moja, ukigawiwa watu 650,000 hausikiki. Naomba jimbo liwe na mfuko wa kudumu unaotengewa fedha kila mwaka katika bajeti, na mhandisi akishakadiria hasara, mji upewe nusu ndani ya mwezi. Hesabu za vikaratasi zifuate baadaye. Na masharti ya kujiandaa yabaki vile vile.

Nasema hivi kwa sababu najua mji usio na mfuko wowote. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika Uvira, mama mdogo alitoa matope nyumbani kwa beseni, yeye na majirani zake, siku baada ya siku. Mashirika yalikuja na maturubai, yakaondoka. Hakukuwa na ofisi ya kumwambia: hesabu hasara yako, fungu lako lipo.

Kalavati lile la shamba la mahindi tuliweka jipya, pana zaidi, kwa sababu mji ule ulikuwa umepitisha viwango mapema, na ulipojenga pakubwa kuliko pa zamani ulikuwa na hoja ya kudai msaada kwa gharama za kalavati pana, si za lile dogo tu. Usiku wa Julai 2024 nilipita tena juu yake, maji yakinguruma chini yangu, lori limejaa mawe ya kupeleka mji mwingine.