Modeli yangu imepata asilimia 99: je, inaweza kumtahadharisha mama kabla mdogo wangu hajaanguka?

SWALI: Kamwene mhandisi, na shikamoo. Nasoma mwaka wa tatu hapa Mbeya, kwetu ni Mufindi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 11 na anaanguka kifafa tangu akiwa na miaka 5. Kwa ajili ya mradi wangu nimepakua rekodi za mawimbi ya ubongo za watoto wa hospitali ya Boston, zile zinazotolewa bure. Nimezikata vipande vya sekunde 5, kila kipande kikipandiana nusu na kinachofuata, nikavichanganya vyote, kisha nikatumia asilimia 80 kufundishia modeli (programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano) na 20 kuipimia. Inatofautisha nusu saa ya kuelekea kifafa na muda wa kawaida kwa usahihi wa asilimia 99. Nataka nitengeneze kofia yenye elektrodi, vile vipande vinavyogusa kichwa na kunasa mawimbi, iunganishwe na simu ya mama, impigie king'ora mapema. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene. Nimekisoma kipimo chako kwa makini kwa sababu najua unakifanya kwa ajili ya nani. Hiyo 99 haitokani na ubongo wa mtoto yeyote, inatokana na ulivyochanganya vipande.

Chukua vipande viwili vilivyofuatana. Kwa kuwa vinapandiana nusu, nusu ya namba zilizomo ni zilezile. Baada ya kuchanganya, kimoja kinaangukia kundi la kufundishia na mwenzake kundi la kupimia. Modeli inaulizwa swali ambalo nusu ya jibu lake imeshaliona. Na hata ukiondoa kupandiana, tatizo halijaisha. Katika nusu saa ile mtoto labda alikuwa amelala, au elektrodi moja ilikuwa imelegea, au alikuwa anatafuna. Modeli inaitambua nusu saa yenyewe, jinsi unavyoutambua mkanda wa redio kwa mkwaruzo wake, na haina haja ya kujua lolote kuhusu kifafa. Kadiri modeli inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokariri kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo usigawe kwa vipande, gawa kwa matukio, yaani kila mara kifafa kilipomshika mtoto. Mtoto akiwa na matukio saba, fundisha kwa sita, pima kwa la saba pamoja na saa za utulivu ambazo modeli haijawahi kuzigusa, kisha zungusha hadi kila tukio liwe limepimwa. Bora zaidi, fuata kalenda: fundisha kwa yaliyotangulia, pima kwa yaliyofuata, kwa sababu nyumbani kwenu kofia itaishi hivyo hivyo.

Jambo la pili, achana na asilimia ya usahihi. Tuseme una saa 24 za rekodi zenye matukio mawili. Nusu saa mara mbili ni saa moja. Modeli inayojibu "salama" kila inapoulizwa, bila kuangalia chochote, itapata 23 kwa 24, karibu asilimia 96. Sasa igeuze hesabu upande wa mama. Siku moja ina vipande 17,280 vya sekunde 5. Modeli ikikosea kwa asilimia moja tu ya vipande vya utulivu, hivyo ni vipande kama 173 kwa siku. Kila kipande kikipiga king'ora, mama atatoka shambani mara ngapi? Siku ya tatu simu itazimwa, na hapo hata king'ora cha kweli hakitasikika.

Namba ninazotaka kuziona kwako ni hizi: kati ya matukio yote, mangapi yalitanguliwa na king'ora, ving'ora vya uongo ni vingapi kwa siku, na jumla ya muda mama anaokaa katika hali ya tahadhari ni sehemu gani ya siku. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo inayofichua mengi. King'ora kinacholia kila saa na kudumu nusu saa kinafunika nusu ya siku. Kitadaka karibu nusu ya matukio kwa bahati tu, hata kama kinaendeshwa kwa kurusha shilingi. Modeli yako lazima ishinde shilingi hiyo kwanza.

Kuna tofauti nyingine kati ya Boston na Mufindi ambayo takwimu haziwezi kuifuta. Watoto wale walikuwa wodini, wamesimamishwa dawa ili kifafa kijitokeze na madaktari wakione. Mdogo wako yuko nyumbani na, natumaini, anameza dawa. Umeme wa Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde (hezi 60) na wetu mara 50, kwa hiyo kichujio ulichoweka cha kuondoa mnguruno wa umeme kitaondoa sehemu isiyohusika ukikihamishia huku, na mnguruno wenyewe utapita. Mawimbi yanayofika juu ya ngozi ya kichwa ni makumi machache ya sehemu za milioni za volti. Mtoto akitafuna hindi la kuchoma, misuli ya taya pekee inaweza kuyafunika.

Halafu kifafa chenyewe hakina chanzo kimoja. Huku kwetu nyanda za juu, tunakofuga nguruwe kwa wingi, mojawapo ya vyanzo ni mayai ya minyoo ya tegu, ambayo mtu akiyameza mabuu yake huweza kufika kwenye ubongo na kuacha makovu. Kovu likiwa upande wa sikio la kulia, mawimbi huanzia hapo. Kwa mwingine huanzia paji la uso. Ndiyo maana modeli iliyofundishwa kwa mtoto mmoja mara nyingi hupotea kwa mwingine.

Utabiri wenyewe si ndoto. Mwaka 2013 watafiti wa Melbourne walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliowekewa elektrodi chini ya fuvu, juu ya ubongo wenyewe, pamoja na kifaa cha kuwaonyesha kiwango cha hatari. Kwa baadhi yao kilifanya kazi vizuri. Lakini hao walipasuliwa, na kila mmoja alirekodiwa kwanza kabla modeli yake haijaaminiwa. Kofia ya juu ya ngozi ina safari ndefu kuliko hiyo. Ningekuwa wewe, mradi wa mwaka huu ningeufanya wa kutambua kifafa kinapoanza, si kukitabiri. Hilo linawezekana zaidi, na mama akijua ndani ya sekunde kumi kwamba mtoto ameanguka karibu na jiko la kuni, umeokoa ngozi yake.

Ukifika kwenye kofia, anza na nywele. Elektrodi nyingi zimebuniwa kwa nywele laini, zikiwekwa kwenye nywele zetu huinuka na kupoteza mguso. Mvaaji akiwa msichana, msuko wa twende kilioni uliopangwa ili njia zake zipite kwenye sehemu za elektrodi unasaidia sana. Kwa mdogo wako, kipara cha shule kinatosha.

Wakati huo huo kuna kazi ya kuanza wiki hii. Mpe mama daftari aandike kila tukio: tarehe, saa, limedumu muda gani, alikuwa amelala vipi, dawa ilikosekana au la. Kwa wagonjwa wengi kifafa hufuata mzunguko wa siku au wiki, na daftari la miezi sita linaweza kuuonyesha kabla ya elektrodi yoyote. Dawa asiiache wala asipunguziwe kwa sababu ya kifaa chako. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na tukio likizidi dakika tano mpelekeni hospitali.

Sasa rudi kwenye kompyuta. Katika rekodi ulizopakua, mafungu yenye majina chb01 na chb21 ni ya msichana yule yule, aliyerekodiwa tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Fundisha kwa chb01 yote, usiguse chb21 hadi umalize kurekebisha kila kitu, kisha pima mara moja tu. Niandikie matukio yaliyodakwa, ving'ora vya uongo kwa siku na muda wa tahadhari, hata kama ni vibaya.