Sindano ya povu kwa mishipa ya miguu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama yake

Ndugu, umeuliza kama mama yako, anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba na ambaye mishipa ya mguu imemvimba na kujisokota, akubali sindano ya povu aliyoshauriwa, na mshipa ukishazibwa damu itapita wapi. Mimi nilitibiwa hivyo mguu wa kushoto baada ya miaka mingi ya kusimama dukani Igoma.

Hofu ya damu mwondoe. Takriban asilimia 90 ya damu inayotoka miguuni kurudi kwenye moyo hupita katika mishipa ya ndani, katikati ya misuli. Huo wa juu uliovimba, vali zake, yaani vilango vya ndani vinavyozuia damu kurudi chini, zimeshachoka na damu inaporomoka chini badala ya kupanda, kwa hiyo kuuziba ni kuupunguzia mguu mzigo.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kipimo cha utrasaundi kabla ya sindano, tena mama akiwa amesimama, kwa sababu chanzo cha tatizo mara nyingi kiko juu kwenye kinena au nyuma ya goti, mbali na pale panapoonekana, na ni lazima ijulikane kwamba mishipa ya ndani haina damu iliyoganda. Daktari akitaka kuchoma bila kupima, tafuteni mwingine.

Wangu aliunganisha mabomba mawili ya sindano kwa koki ndogo, sehemu moja ya dawa kwa nne za hewa, akayasukuma huku na huku mpaka likatoka povu jeupe, zito kama la sabuni ya kunyolea. Povu huisukuma damu kando, dawa ikagusa ukuta wa mshipa, nao hunywea na polepole kugeuka kovu. Maumivu yalikuwa ya sindano tu.

Siku hiyohiyo nilitembea, nikiwa na soksi za kubana ambazo kwa joto letu zinachosha kweli, lakini azivae kama atakavyoelekezwa. Vilibaki vinundu vigumu vyenye maumivu na alama ya kahawia iliyokaa miezi mingi; hayo ni ya kawaida. Kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikibana, awahi hospitali bila kungoja asubuhi. Kama aliwahi kuganda damu au ana mzio wa dawa, aseme mapema.

Kabla ya kulipa, ulizeni kama bei inajumuisha kipimo cha marudio, maana mishipa mikubwa wakati mwingine hufunguka tena ikahitaji sindano nyingine.