Upepo wa mchana na kimashua kinachoachwa nyuma

*Mwalimu, sisi ni wanafunzi wa Bukavu. Tumeunda vimashua vinne vinavyojiendesha, vitatu vikifuata kiongozi kwa umbali wa mita 5. Asubuhi pale Nguba, kando ya Ziwa Kivu, vinaenda vizuri. Mchana, upepo wa ziwani ukivuma, kimoja kinaachwa nyuma. Ukitulia, kinachomoka na kukigonga cha mbele. Tukaze urekebishaji wa umbali kwenye programu?*

Hapana, ndugu zangu, mtazidi kugongana. Kimashua chenu kimeishiwa nguvu, na programu haijui.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mota mbili kwa pamoja zinasukuma kwa nguvu ya nyutoni 20, maji yanakula 13. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukikula 4, mnabaki na akiba ya 3. Ukifika mita 6, hauli 6, unakula 9, kwa sababu nguvu yake inakua kwa mraba wa kasi. Sasa mnadaiwa 22. Hakuna programu itakayozitoa hizo 2.

Wakati huo ile sehemu ya programu inayojumlisha kosa, yaani tofauti ya umbali halisi na zile mita 5, inaendelea kurundika deni. Upepo ukikatika, inalilipa lote kwa mkupuo, ndiyo maana mnagongwa. Msiiondoe, maana ndiyo inayopambana na upepo usiobadilika. Izuieni tu isijumlishe pale mota zinapofika kikomo huku kosa likizidi kusukuma upande uleule. Ni mstari mmoja wa programu.

Kazi kubwa iko kwa kiongozi. Wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo, hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu. Mmoja ukilemewa, yote inahisi. Vyenu havina miti, na cha mbele hakisikii kitu. Kila kimashua kitume kwa redio akiba yake ya nguvu, na kiongozi afuate mwendo wa mwenye akiba ndogo kuliko wote. Akiba, si umbali: umbali hutoa habari mambo yakiwa yameshaharibika.

Bakizeni hata nyutoni 4 za kukatia kona, kwani mnageuka kwa kutofautisha mota, na zote zikiwa kwenye kikomo kugeuka ni kupunguza moja. Katika mfano wetu, upepo ukiwa mita 6, maji yanabakiwa na 7 badala ya 13, yaani kasi ishuke kwa zaidi kidogo ya robo.

Namba za kwenye boksi la mota msiziamini. Fungeni kimashua gatini kwa kamba na mizani ya kuning'iniza, betri ikiwa nusu, msome kinavuta kiasi gani. Kikiwa mwendoni kitasukuma pungufu ya hapo.