Anzeni mlangoni, dirisha kubwa lifuate

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu aliyejaliwa kupata nyumba ya mapumziko milimani aanze wapi kuipanga ndani, na aipambe kwa mtindo gani? Nimeshughulika na nyumba za namna hiyo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba aanze mlangoni, aendelee mpaka mahali pa moto, kisha ndipo alifikirie dirisha la kutazamia milima. Najua wengi hufuata mpangilio ulio kinyume kabisa na huu. Hununua kiwanja kwa ajili ya mandhari, wakajenga ukuta mzima wa kioo ili mandhari hiyo ionekane, halafu wakakijaza chumba magogo, ngozi na pembe za wanyama ili kila aingiaye ajue yuko mlimani. Wanachopata ni sebule inayopendeza katika picha lakini isiyokalika jioni, kwa sababu ina baridi.

Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtu aliyekuja milimani kupumzika hushinda nje kutwa nzima katika hewa hiyo. Anaporudi, viatu vyake vina tope au theluji, koti limelowa, na vidole vimekufa ganzi. Nyumba ya milimani kazi yake kubwa ni kumpokea mtu wa hali hii, na inampokea mlangoni. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza na fikra ya kwanza viende kwenye chumba cha kuingilia, ambacho katika ramani nyingi hupewa nafasi ya kusimama watu wawili tu waliobanana.

Chumba hicho kiwe na milango miwili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, iliyoachana vya kutosha kiasi kwamba mtu aweze kuufunga wa kwanza kabla hajaufungua wa pili, ili upepo usipate njia ya kuingia moja kwa moja mpaka sebuleni. Sakafu yake iwe ya jiwe lililokwaruzwa au vigae visivyoteleza, yenye mwinamo mdogo unaopeleka maji kwenye tundu la kutolea. Benchi liwekwe mahali ambapo mtu akiingia tu analikuta, kimo chake kiwe kama sentimita 45, na chini yake pawe wazi ili buti zipitiwe na hewa. Vigingi vya kutundikia nguo viwe vya mbao, vinene kama kidole gumba na vyenye ncha ya mviringo, kwa kuwa koti zito lililolowa likining'inizwa kwenye msumari huchanika ukosini na kupata doa la kutu. Safu moja ya vigingi ipachikwe juu kwa ajili ya wakubwa na nyingine chini kwa ajili ya watoto, na ukuta ulio nyuma yake ufunikwe kwa vigae au mbao zilizopakwa mafuta, maana plasta iliyopakwa rangi haitamaliza msimu mmoja. Joto kidogo lipatikane humo humo, la kukaushia tu, kwa sababu viatu vya ngozi vinavyosogezwa karibu na moto hukakamaa na gundi ya soli zake huachia. Mtu akivua vilivyolowa hapa, zulia la sebuleni linaweza kuwa zuri na laini bila mwenye nyumba kulichunga kila saa.

Kutoka hapo mguu huelekea kwenye moto, na ningewaomba wasomaji watofautishe moto wa kutazama na moto wa kupasha nyumba joto. Meko ya wazi yenye mdomo mpana hunyonya hewa ya chumba na kuipandisha juu pamoja na moshi, hata anayeketi karibu akaungua magoti huku mgongo wake ukipigwa na upepo unaopenya kwenye nyufa za madirisha. Mwanasayansi Count Rumford alilishughulikia tatizo hili katika miaka ya 1790: alipunguza kina cha meko, akazigeuza kuta zake za pembeni zielekee chumbani ili zirudishe joto kwa watu, na akalibana koo la dohani. Huko Sweden walikuwa wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walitengeneza jiko la vigae ambalo moshi wake hupitishwa katika njia zinazopanda na kushuka ndani ya matofali kabla ya kutoka nje, hivyo joto lililokuwa likipotelea angani likabaki humo na kutoka polepole kwa saa nyingi baada ya kuni kwisha. Kwa nyumba ya milimani mimi nachagua jiko la namna hii, au jiko la chuma lililofungwa lenye mlango wa kioo, kabla ya meko ya wazi, hata kama meko hiyo imejengwa kwa mawe mazuri namna gani.

Ukishachagua jiko, samani zilizunguke. Viti visizidi mita mbili au tatu kutoka hapo, na pembeni pawe na kikalio cha matofali au jiwe kinachopata joto la jiko, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu atataka kukaa. Rafu ya kuni ni sehemu ya pambo pia, mradi isirundikiwe kuni mbichi. Kuni zenye unyevu unaozidi asilimia 20 hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na masizi yake huganda ndani ya dohani. Kipo pia kifaa kidogo kisichopendeza macho ambacho sikubali kiachwe: kengele ya kugundua kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iwepo karibu na vyumba vya kulala. Na fundi wa jiko aambiwe mapema kimo cha mahali nyumba ilipo, kwa sababu kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari, na dohani linalovuta vizuri bondeni huenda likavuta kwa shida huko juu.

Sasa dirisha. Silipingi, ila nalitaka limtumikie aliyeketi. Usiku wa baridi uso wa kioo hupoa kuliko kitu kingine chochote chumbani, na mwili wa mtu aliye karibu nao hupoteza joto kuelekea upande huo, hivyo atasikia baridi hata kama kipimajoto cha ukutani kinaonyesha nyuzi za kutosha. Ukuta mzima wa kioo ni ukuta mzima wa baridi hiyo. Badala yake, dirisha moja pana lenye kizingiti cha chini, kinachomwezesha mtu aliye kitini kuliona bonde bila kuinuka, pamoja na madirisha mawili matatu madogo yanayokamata kilele au kundi la misonobari, huupa mlima heshima kubwa zaidi, maana jicho hupata mahali pa kutua. Pazia liwe zito, lenye kitambaa cha pili nyuma yake, lifike sakafuni, na juu lifungwe kwa kisanduku cha mbao ili hewa iliyopozwa na kioo isiporomokee miguuni mwa watu. Pazia hilo lisifunike kipasha joto kilicho chini ya dirisha, kosa ninaloliona katika nyumba nyingi mno.

Kwa upande wa vioo vyenyewe, wengi huagiza vile vya tabaka mbili vilivyofungwa kiwandani bila kutaja vinakokwenda. Hewa iliyofungiwa kati ya tabaka hizo katika kiwanda kilicho bondeni hutanuka vioo vinapofikishwa mlimani, ambako shinikizo la nje ni dogo. Vioo huvimba katikati, sura ya milima ikapindapinda machoni, na gundi inayoviziba ukingoni ikalemewa. Mtengenezaji akiambiwa kimo anaweza kuweka kijibomba cha kusawazisha shinikizo. Vilevile miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho inayopausha vitambaa, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kuirudisha hadi asilimia 80 yake, kwa hiyo kochi lililowekwa dirishani hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Vioo vilivyounganishwa kwa utando katikati huzuia karibu miale hiyo yote. Asiyeviweza na avipeleke vitambaa vyenye rangi kali upande wa ndani wa chumba, na dirishani aweke vya rangi ya asili ya sufu au kitani, ambavyo vikipauka haviudhi.

Kuhusu mtindo, sebule ndefu kwenda juu yenye magogo na dohani kubwa la mawe ilipata umaarufu katika majengo kama Old Faithful Inn, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1904 katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani. Ukumbi ule unastahili kustaajabiwa, lakini ni ukumbi wa hoteli. Katika nyumba ya familia moja, dari la mita sita hupandisha joto lote juu, likawapasha moto buibui huku watu wakitetemeka chini, na hata feni ya dari inayozungushwa polepole kulishusha hairekebishi kila kitu. Mimi navutiwa zaidi na nyumba za zamani za wakulima wa milima ya Alpi, zilizokuwa na chumba kimoja cha dari fupi, kilichofunikwa mbao kuta zote, jiko likiwa pembeni na meza ikiwa kwenye kona iliyo mkabala nalo, chini ya madirisha mawili yanayokutana. Chumba hicho ndicho kilichopashwa joto, na maisha yote ya majira ya baridi yaliendeshwa humo. Anayejenga leo anaweza kuwa na sebule kubwa akipenda. Nitakachomsihi ni kwamba apate pia chumba kidogo cha namna hii, kinachoweza kufungwa mlango na kupata joto ndani ya muda mfupi siku ya kuwasili, sehemu nyingine za nyumba zikiwa bado barafu.

Mbao zinafaa ukutani kwa sababu iliyo wazi kwa mkono wowote: granaiti hupitisha joto kwa zaidi ya mara kumi kuliko msonobari, kwa hiyo ukiugusa ubao haukunyang'anyi joto la kiganja kama jiwe. Jiwe liwekwe pale linapopata jua la mchana au joto la jiko ili lilihifadhi. Ila mbao hizo ziachwe ndani ya nyumba iliyopashwa joto kwa muda kabla ya kupigiliwa, kwa maana hewa kavu ya ndani huzipunguza upana, na zilizopigiliwa zikiwa na unyevu zitaacha mianya inayoonyesha ukuta ulio nyuma. Haina haja kila uso uwe wa mbao. Kuta tatu za mbao na moja ya chokaa nyeupe hutoa mwanga ambao kuta nne za mbao huumeza. Kwa mazulia na mablanketi nachagua sufu bila kusitasita: haishiki moto kwa urahisi, na inaweza kufyonza mvuke unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla haijaonekana kulowa.

Jikoni pia kimo kina neno lake. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 90 hivi ukiwa mita 3,000, hivyo kila kinachochemshwa huchukua muda mrefu, na mpishi hukaa jikoni zaidi kuliko kawaida yake. Charlotte Perriand, msanifu Mfaransa aliyekuwa mpenzi mkubwa wa milima, aliyaacha majiko ya makazi ya Les Arcs, kituo cha kuteleza kwenye theluji huko Savoie nchini Ufaransa, wazi kuelekea sebuleni, ili anayepika asitengwe na wenzake. Huo ni uamuzi wa kuigwa katika nyumba ambayo watu wameifuata mahsusi ili wawe pamoja.

Vyumba vya kulala havihitaji mengi. Viwe vidogo, vitanda visigusane na ukuta wa nje, kila kitanda kiwe na taa yake ya mwanga wa joto, na wageni wengi wapewe vitanda vya ghorofa vilivyojengewa ndani ya ukuta, vyenye pazia.

Lililobaki ni miezi ambayo nyumba haina mtu, nayo ni mingi kuliko ile yenye watu. Kila kinachochaguliwa kipimwe kwa miezi hiyo. Godoro liwe juu ya chaga za mbao na liweze kusimamishwa wima. Blanketi na mito viingie katika masanduku ya bati yenye vifuniko vinavyobana, ambayo panya hawezi kuyatoboa. Makabati yawe na matundu ya hewa ili ukungu usiote ndani yake. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua bomba, kwa hiyo mabomba yapite katika kuta za ndani, yakutane mahali pamoja palipo chini kuliko pengine pote, na hapo pawe na koki ya kuyamwaga. Koki hiyo isifichwe nyuma ya kabati kwa ajili ya urembo: iwekewe kimlango chake katika ukuta wa chumba cha kuingilia, kando ya benchi, na ndani ya kimlango hicho yaandikwe kwa herufi kubwa mambo yote ya kufunga na kumwaga kwa mpangilio wake, ili hata mgeni anayeondoka wa mwisho aweze kuifunga nyumba ipasavyo akiwa tayari amevaa viatu.