Ukiona alama za kasa, usichimbe

Juzi usiku msomaji mmoja wa Shanzu, Mombasa, alinitumia picha: alama pana mchangani, kama za gurudumu la trekta, zimetoka majini, zikapanda hadi chini ya mivinje, zikarudi baharini. Akauliza: "Dada, kasa ametaga. Bamvua, maji makuu, linakuja. Nichimbe nihamishe mayai?" Ilikuwa saa tano usiku. Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia simu papo hapo.

Nilifanya haraka kwa sababu kosa hilo nimelitenda mimi.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nikiokota taka ufuo wa Bamburi kila Jumamosi, nikijiona mlinzi wa bahari. Asubuhi moja nikakuta alama kama hizo. Kasa alikuwa ametaga chini mno, mahali maji makuu yanapofika. Siku nne nilikwenda nikirudi, moyo hautulii. Siku ya tano nikabeba ndoo.

Nilichimba kwa viganja mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Yai la kwanza lilikuwa jeupe, la mviringo, sawa na mpira wa tenisi ya mezani, na ganda lake likabonyea kidogo chini ya kidole changu. Nilitoa 112, nikayahesabu mara mbili. Nikayafukia juu, penye kivuli, nikapiga picha. Watu walinisifu sana, na sifa zile nilizipenda.

Mayai ya kasa huanguliwa kwa muda wa siku 60 hivi. Nililinda pale mpaka ya 60, ya 65, ya 75. Siku ya 80 nikachimba, na harufu ikanifikia kabla mkono haujagusa kitu. Hakikutoka hata kitoto kimoja.

Mzee mmoja mvuvi alinikuta nimekaa pale mchangani.
"Ami, nimekosea wapi?"
"Mwanangu, yai la kasa si la kuku. Kuku hugeuza mayai yake. Kasa hageuzi."

Baadaye nikaelewa maana yake. Saa chache baada ya yai kutagwa, kiinitete, yaani kitoto kinachoanza kuumbika, hujishikiza ndani ya ganda upande wa juu. Ukiligeuza yai baada ya hapo, kinakufa. Mimi niliyatia ndooni siku ya tano, yakibingirika.

Kikundi kilichokuwa kimenialika nizungumze mbele ya vijana kwa ajili ya picha zile kilinyamaza ghafla. Hakuna aliyenipigia hata kuniambia pole. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, lakini mayai yale yananiuma zaidi.

Basi ndugu yangu unayeipenda bahari, nisikilize. Usichimbe. Piga simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au mtafute mtu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, maana wapo waliofunzwa kuhamisha mayai mapema bila kuyageuza, pale inapolazimu tu. Kasa analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kwa hiyo hata nia yako njema haikupi ruhusa.

Kisha zima taa. Vitoto hutoka usiku na kufuata mng'ao wa upeo wa bahari. Taa ya hoteli au ya baraza yako ikiwaka zaidi, vitageuka na kuelekea bustanini, na jua likichomoza vimekwisha. Nimeviokota vimekauka kando ya lami. Kasa jike anaweza kumaliza miaka 20 na zaidi kabla hajarudi kutaga mara ya kwanza, akipita kwenye majarife na plastiki miaka yote hiyo, nasi tumuulie wanawe kwa taa ya mapambo? Mwenye nyumba ya ufuoni, izime. Ondoa viti usiku, fukia mashimo waliyochimba watoto. Na narudia, usichimbe.

Wahusika walifika Shanzu alfajiri. Walikuta mayai yapo juu ya mstari wa maji, wakayaacha yalipo, wakasimika vijiti vinne. Jana msomaji wangu ameniandikia kwamba mama wa nyumba ya jirani amekubali kuzima taa za baraza kuanzia siku ya 45. Nimeshaitia alama kwenye kalenda ya jikoni. Nitakwenda kukesha naye, bila tochi na bila ndoo.