Mama alipokuwa kuruta

Mara ya kwanza nilipotaka kuyajua maisha ya mama kabla sijazaliwa, nilijifanya mwandishi wa habari. Nilimketisha sebuleni, nikaweka simu mezani irekodi, nikamwambia, "Mama, nisimulie maisha yako ya ujana." Akanitazama usoni. "Nilizaliwa, nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikawazaa. Kwani mwanangu unaumwa?" Mahojiano yakaisha hapo, akaenda kuangalia maharage jikoni.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tunatafuta barua yake ya kwanza ya ajira kwa ajili ya mafao. Ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, nikakuta picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Vijana saba wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wamesimama mbele ya hanga, na wa tatu kutoka kushoto ni msichana mwembamba, anacheka mpaka macho yamefumba. Nyuma kuna wino wa bluu: Ruvu, Julai 1978.

Siku ile sikuuliza kitu. Jumamosi nikamkuta mkekani anachambua mchele, nikaketi naye, nikaiweka picha kati yetu na kuuliza jambo moja tu: "Mama, hizi buti zilikuwa saizi yako?"

Alicheka hadi akauweka ungo chini. Stoo walimpa namba 9, na mguu wake ni namba 5. Akazijaza matambara, akakimbia nazo mchakamchaka kabla ya jua kuchomoza, visigino vikatoka malengelenge. Siku moja afande akamkuta amejificha nyuma ya jiko amezivua, akala doso ya kubeba maji ndoo kwa ndoo mpaka mapipa yakajaa. Akaniimbia na nyimbo zao, mikono ikipiga kwata huku amekaa. Mchele wa kilo mbili tuliuchambua saa nzima na zaidi.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na ndio ninaouamini kuliko yote: usimuulize mzazi kuhusu maisha yake, muulize kuhusu kitu. Buti, sufuria, redio ya mkulima, kovu la gotini, nauli ya basi alipoondoka kijijini. Na muulize mikono yake ikiwa na kazi. Wazazi wetu wengi hawakulelewa kukaa uso kwa uso na mtoto wakajieleza, lakini mkono ukiwa kwenye ungo, maneno hutoka yenyewe.

Nikamuuliza malengelenge yalipona vipi. "Kuna kijana wa Tabora alinipa soksi. Jozi mbili, nene." Nikauliza yuko wapi sasa. "Alikwenda Kagera." Akauinamia ungo, akaendelea kutoa mawe.

Majeshi ya Iddi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, miezi mitatu tu baada ya picha ile kupigwa. Vijana wengi wa JKT na mgambo waliunganishwa na jeshi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mimi niliyasoma hayo shuleni kama jibu la mtihani. Siku ile nikanyamaza, na nashukuru nilinyamaza. Jina la kijana yule mama alinitajia mwenyewe baada ya mwaka mzima, tukiwa kwenye basi, bila kuulizwa. Mzazi akinyamaza, mwache. Hadithi ni yake.

Kosa langu lilikuwa jingine. Nilirekodi zile nyimbo nikazituma kwenye kundi la ukoo bila kumwambia. Mama hakugomba, ila kwa muda mrefu nikimgusia Ruvu alikuwa anabadilisha mazungumzo. Omba ruhusa kwanza, hata kama unaona ni jambo la kufurahisha tu.

Miaka nayo inasumbua. Ukiuliza "ilikuwa mwaka gani?" utapata "zamani hizo". Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya vita vya Amin au baada? Waziri Mkuu Sokoine alikuwa hajafariki? Kwa Mtanzania wa umri ule, Aprili 1984 haihitaji kalenda. Nilipomuuliza mama kama alianza kazi wakati wa unga wa njano, ule walioubatiza unga wa Yanga, alinipeleka moja kwa moja kwenye foleni ya sukari, sabuni ilipoadimika wakawa wanafulia majani ya mpapai, na hapo hapo kwenye foleni ndipo alipokutana na baba.

Baba sikumuuliza kitu. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwenye arobaini yake, mzee mmoja aliyefanya naye kazi ujanani aliniambia baba alikuwa anahesabu Kichina mpaka mia. Alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA upande wa Mlimba, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na namba alijifunza kwa mafundi wa Kichina wakati wa kuhesabu mataruma. Nimeishi na mtu huyo miaka kumi na mitano, sikuwahi kumsikia akihesabu. Kwa hiyo watafute na waliowajua wazazi wako kabla yako: shangazi, mjomba, jirani wa zamani, waliosoma nao. Wazee hao nao hawangoji. Nilipomrudia yule mzee na daftari, nilikuta msiba.

Picha ya Ruvu sasa tumeipiga nakala. Nyuma ya nakala mama anaandika majina kwa penseli, maana wino hupenya ukaharibu sura upande wa pili. Ameshaandika matano. Wawili wa kulia kabisa bado, anasema mmoja wao alikuwa mpishi mzuri wa makande, jina litakuja.