Fobaifo ya otomatiki: lini uichagulie gia mwenyewe

Ndugu uliyeuliza, nimeona majibu mengi hapa juu yameishia kwa "fundi wangu alisema", na sidhani yamekusaidia. Umesema umenunua Prado ya dizeli ya 2017, otomatiki ya gia 6, unataka kuipeleka Magadi na familia, kisha Nguruman, na barabara ikikubali upande ule ukuta wa Bonde la Ufa hadi Loita. Fundi amekuonya usiguse kabisa upande wa S, pale unapojichagulia gia badala ya kuiachia D, kwa kuwa utaua giaboksi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Kila nikishuka Mai Mahiu napita gari zito la otomatiki liko kwenye D, taa za breki zinawaka kutoka juu hadi chini, na harufu ya pedi unaipata kabla hujalifikia. Mara nyingi ndani kuna watoto.

Kwanza hilo la fundi. Kompyuta ya giaboksi yako haikubali amri ya kuiumiza. Ukivuta mkono wa gia kushusha gia wakati kasi bado iko juu, itakataa na kukupigia mlio mara mbili, tii-tii, halafu itabaki pale ilipokuwa. Hakuna kilichovunjika. Kinachoua otomatiki ni joto na oili iliyochoka. Joto hilo hupanda zaidi torki konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inapoteleza: mzigo mkubwa, mwendo wa kobe, na mguu umezama kwenye mafuta. Katika hali hiyo gia nzito, yaani ya namba ndogo, hupunguza joto, kwa hiyo ushauri uliopewa umekaa kichwa chini miguu juu.

Sasa kiini chenyewe. D huamua kwa yale yaliyokwisha kutokea. Inasoma kasi ya magurudumu, inasoma mguu wako, inapima jinsi injini inavyolemewa, na kwa barabara ya kawaida inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi na wewe. Lakini haioni mbele. Haijui kwamba baada ya ile kona kuna mteremko wa kilomita kadhaa, wala kwamba ile sehemu inayong'aa ni tope. Wewe unaona. Wakati wa kuchagua gia mwenyewe ni pale macho yako yanapojua jambo ambalo giaboksi italijua ikiwa imechelewa. Ndiyo maana gia inachaguliwa kabla. Ukishaingia katikati ya tatizo, nusu ya faida imepotea.

Kabla sijaenda mbali, kuna kitu wengi hapa wanachanganya. Kwenye Prado yako, S4 haimaanishi "kaa gia ya 4". Maana yake ni "usipite gia ya 4". Giaboksi bado inajichezea kati ya 1 na 4 yenyewe. Forester na Pajero nyingi ni tofauti: ukichagua M2, inashikilia ya pili mpaka uibadilishe, isipokuwa pale mwendo unaposhuka sana. Ukifuata ushauri wa mwenye Forester ukiwa ndani ya Prado utashangaa kwa nini gari halifanyi alivyosema. Kwenye yako pia kumbuka kwamba gia ya 4 ndiyo ya moja kwa moja, na 5 na 6 ni nyepesi za kutunza mafuta. Kwa hiyo kuingia S4 tu kunaziondoa zile mbili ambazo mlimani hazina kazi.

Miteremko ndiyo sababu ya kwanza na ya maana kuliko zote. Kutoka Kona Baridi hadi Magadi unashuka zaidi ya mita 1,000, na sehemu kubwa ya mteremko inakuja mapema, baada tu ya kuiacha Kiserian. Ukiwa na mizigo, gari la tani mbili na ushee likiachiwa D litapanda gia kadiri linavyoshika kasi, maana kwa hesabu zake wewe hutaki nguvu. Utabaki unalizuia kwa breki peke yake. Pedi zinapata moto, diski zinapata moto, kisha oili ya breki. Oili hiyo hunyonya unyevu kadiri inavyokaa, na ikiwa nzee huchemka mapema. Ikichemka inatoa mapovu, na pedali inazama chini ya mguu bila gari kusimama. Hali hiyo haina onyo la kutosha, ndiyo maana nakusihi usiifikie.

Mimi nachagua gia nikiwa juu, kabla pua ya gari haijainama. Kwa lami kama ile ya Magadi au Mai Mahiu, S4 kwanza, na kwenye kona kali S3. Jipime hivi: ondoa mguu kwenye mafuta na kwenye breki pia. Kasi ikiendelea kupanda, shusha gia moja zaidi. Ukijikuta unakanyaga mafuta ili gari lisogee, umeshusha mno. Sindano ya mizunguko kufika 3,000 hapo isikutie hofu, injini haichomi dizeli ya maana ukiwa umeachilia mafuta. Breki zitumie kwa kukanyaga kwa uthabiti, shusha kasi chini kidogo ya ile unayotaka, halafu achilia kabisa zipoe. Kuzigusa-gusa muda wote ndiko kunakozipika. Na kwa kuwa yako ni dizeli, injini haishiki gari kwa nguvu kama petroli, kwa hiyo usishangae ukihitaji gia nzito kuliko jirani yako mwenye Prado ya petroli. Kuhusu kushuka na neutral ili kuokoa mafuta: usithubutu, hata kwa mteremko mfupi.

Mteremko wa mawe ni habari nyingine. Ukuta wa Nguruman una mawe yaliyolegea na sehemu ambazo ukiwa juu huoni unakokwenda. Hapo simama kabisa, tia N, weka L4 (fobaifo ya gia nzito za kutambaa), kisha S1. Ile L4 inazidisha mvuto mara 2.566, na gari litatambaa miguu yako yote ikiwa sakafuni. Ila uangalie jambo moja: kwenye udongo wenye unyevu, S1 ndani ya L4 inaweza kuzuia magurudumu kiasi cha kuteleza, na utasikia nyuma inaanza kutafuta njia yake. Hapo silika itakuambia ukanyage breki. Ongeza mafuta kidogo sana, magurudumu yashike tena, au uwe umechagua S2 tangu mwanzo.

Kupanda. Hapa D inasumbua kwa njia nyingine: inapanda gia, inalemewa, inashuka, inapanda tena, na kila badiliko linaongeza joto. Utaiona ukitoka Mai Mahiu kurudi Rironi nyuma ya lori. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, kwa hiyo wenye Prado ya petroli ya 2.7 wanaumizwa zaidi na hili kuliko wewe. Chagua S4 au S3, iache hapo mpaka kilima kiishe. Kwenye mpando wa mawe faida ni kubwa zaidi: gia ikibadilika katikati, mvuto unakatika kidogo na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachofanya gurudumu lizunguke pale pale. Ukikwama, usilishikilie gari mlimani kwa mafuta. Kanyaga breki, tia R ukiwa bado L4, kisha rudi chini polepole, moja kwa moja, usukani umenyooka.

Matope. Nenda Isinya au Kitengela mvua ikishanyesha kwenye ule udongo mweusi uone D inavyodanganywa. Magurudumu yanazunguka kwa kasi lakini gari limesimama. Kompyuta inasoma kasi ya magurudumu, inaamini mnakwenda kilomita 40 kwa saa, inapanda hadi gia ya tatu. Mvuto unapungua, dereva anaongeza mafuta, udongo unajaa kwenye meno ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama sabuni, na ekseli inakaa chini. Nilimwona jamaa wa msafara wetu akizama hivyo mita chache kutoka kwenye ardhi ngumu. S2 ingeizuia kupanda gia. Kwa tope refu mimi hupenda L4 na S3, mafuta ya kadiri, bila kusimama. Kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, wazo ni lile lile, ila punguza upepo wa tairi kwanza. Gia bila hilo haitakutoa. Kuondoka ni kwa upole: kwa kuwa S2 ya Prado bado inaweza kuanza na gia ya kwanza, mguu wako ndio utakaoamua kama magurudumu yatachimba. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuondokea gia ya pili. Kama lako linacho, hapo ndipo kazi yake.

Maji: L4, S1 au S2, mwendo mmoja hadi ng'ambo, usibadilishe kitu katikati. Kama hujatembea kwa miguu au kumwona mwenyeji akivuka, usivuke.

Mahali pengine pote, iache D. Foleni ya Waiyaki Way, Thika Road, murram iliyo tambarare, hakuna utakachopata kwa kuchezea mkono. Hata kupita lori, kukanyaga mafuta hadi chini hushusha gia upesi kuliko kidole chako, ingawa kuingia S4 sekunde chache kabla ya kuchomoka hunisaidia kukiwa na kilima.

Kwa safari yako basi: D hadi Kiserian, S4 unapoipita Kona Baridi, D tena mkifika chini kabla ya Olorgesailie. Kutoka Magadi hadi Nguruman utaihitaji S kwenye mchanga tu. Ule ukuta wa Nguruman kwenda Loita usiupande peke yako, wala mvua ikiwa imenyesha jana yake. Wakati wa kurudi, mtapanda tena hadi Kona Baridi mkiwa na joto la mchana na gari limechoka, na hapo ndipo taa ya A/T OIL TEMP, ile ya joto la oili ya giaboksi, huwaka ikiwa itawaka. Ikiwaka, toka barabarani, tia P, acha injini ikinguruma ili oili izunguke, na usubiri taa izime. Usizime injini. Na kabla hata ya kwenda, mwambie fundi wako akague hiyo oili ya giaboksi ukiwa umesimama pale pale. Gari la kutoka Japani huwezi kujua lilibadilishiwa lini, kwa hiyo kama ni nyeusi au ina harufu ya kuungua, ahirisha safari mpaka ibadilishwe.